Maji Niliyommwagia Kadija

Nilichokiona kwanza ni utosi wake. Ulikuwa umebonyea, kama mtu ameuminya kwa kidole gumba akasahau kuuachia.

Mama yake alikuwa anapepeta mchele na kucheka, hakuuona. Apolonia alikuwa anahubiri, hakuuona. Mimi niliyekaa pembeni bila neno ndimi niliyeuona. Na kwa kuwa nilikuwa bila neno, nilichelewa kusema.

Kwa aliyelipata gazeti leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Skolastika, mtu wa Rondo. Shule niliiacha darasa la tatu mama alipokufa. Nina haya. Si haya ya kupendeza ya bibi harusi. Ni haya ya kulala njaa kuliko kuomba chumvi kwa jirani.

Mwaka ule wa sherehe za Malkia mpya, vibendera vikiwa bado vinaning'inia bomani, Mwalimu Ignasi, anayetufundisha dini kwetu, alichagua wanawake watano tushuke naye Lindi kwa lori. Tukae siku nane, tuwapelekee Neno watu tusiowajua. Juma lililopita niliwaeleza nilivyozunguka siku tatu, nyumba baada ya nyumba, pasipo kufungua mdomo, na jinsi Mwalimu alivyoniambia mbele ya wenzangu kwamba hata mzigo wa nguo ungekuwa na faida zaidi, maana ungekaliwa.

Sasa ni siku ya nne.

Kazi yetu wanawake ilikuwa uani. Mwanamume mgeni haingii ua wa watu, kwa hiyo Mwalimu alibaki barazani na wazee, sisi tukapita mlango wa nyuma, wawili wawili. Mwenzangu alikuwa Apolonia, mjane, mwenye mdomo wa watu sita.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni. Kama mmeleta maneno, kaeni muongee. Lakini mikono isikae bure, shikeni ungo."

Huyo alikuwa Mwanaima, mke wa Yunusu fundi cherehani. Umri wake kama wangu, mkanda wa kanga kiunoni, na nyuma yake juu ya mkeka amelala binti yake wa miezi saba, Kadija.

Apolonia akaanza habari za Yesu na mama yake.

"Nabii Isa tunamjua, dada," Mwanaima akamwambia. "Na Bibi Mariamu ana sura yake nzima kwenye msahafu. Endelea, nakusikiliza. Na huyu mwenzio vipi? Ulimi kauacha Rondo?"

"Huyu tumepewa tu. Hana maneno."

"Basi ndiye ninayemtaka! Wenzenu wa juzi waliongea mpaka maharage yangu yakaungua. Jina lako nani, bibi?"

"Skolastika."

"Lo! Jina limempita mwenyewe urefu. Mimi nitakuita Kimya."

Wakacheka wote wawili. Mimi nikawa natazama ule utosi. Nikamgusa Mwanaima mkono, nikamwonyesha kwa kidole.

Aligeuka. Ungo ukaanguka, mchele ukamwagika ua mzima.

"Nilidhani amelala! Tangu juzi anaharisha, asubuhi akanyamaza, nikasema afadhali, amelala! Kadija! Kadija, mama!"

Mtoto hakufumbua macho.

Jua lilikuwa la saa saba. Hospitali ilikuwa mbali. Yunusu alikuwa na baiskeli, na Yunusu alikuwa kwenye cherehani yake, baraza la duka la Mhindi karibu na soko. Mwanaima akavaa buibui kinyumenyume. Apolonia akamshika mkono waende pamoja.

Kabla hajatoka, Mwanaima alinipakatisha mtoto.

"Kimya, nakuachia. Mwanangu ni amana. Umenisikia? Amana."

Niliitikia kwa kichwa. Wakaondoka.

Mimi na Kadija tukabaki. Miguu yake ilikuwa ya baridi katika jua lile. Mara macho yakafunguka nusu, yakageuka juu, yakabaki meupe.

Sasa niwaeleze jambo la kwetu. Mkristo yeyote, hata mwanamke, hata asiyemaliza shule, akimwona mtu anakufa anaruhusiwa kumbatiza. Anamwaga maji kichwani, na papo hapo anatamka maneno: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji peke yake si kitu. Maneno peke yake si kitu. Lazima vyote viwili, na maneno yatoke mdomoni, yasibaki moyoni.

Kule Rondo Mwalimu Ignasi alitufundisha hayo kwa kibuyu. Kila mmoja alikimwagia kibuyu maji na kutamka. Wenzangu walitamka mpaka kuku wakakimbia. Zamu yangu ilipofika, Mwalimu alitega sikio, akasema, "Skolastika, kibuyu hakijakusikia. Hiki kimekufa mpagani." Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Hayo ndiyo yaliyonijia.

Nilichota maji mtungini kwa kikombe cha bati. Nikammwagia Kadija kwenye paji la uso. Nikammwagia tena. Nikammwagia mara ya tatu. Midomo yangu ilitikisika. Kilichotoka nitakisema mahali pake.

Maji yalitiririka puani yakafika kwenye midomo yake. Akairamba.

Nikadhani nimeona vibaya. Nikachovya kidole, nikamdondoshea. Akaramba tena. Tone kwa tone, kikombe kikaisha, nikachota kingine. Mama yake alipoingia mbio na Yunusu na baiskeli, Kadija alikuwa analia, kilio chembamba kama cha paka, lakini kilio.

Walimpeleka hospitali. Akalazwa siku mbili. Akapona.

Hapo mtu angesema misiba yangu imekwisha. Ndiyo kwanza iliingia ndani na kufunga mlango.

Apolonia aliliona paji la uso la mtoto lilivyolowa. Akakiona kikombe. Tulipotoka tu, akanishika bega.

"Skolastika. Umembatiza?"

Nilifungua mdomo. Sauti haikuja.

"Umembatiza! Mama yangu! Huyu asiyesema!"

Kabla sijafika tulikolala, alikuwa amefika yeye. Niliposogea uani kwa misheni, tulikofikia, nilipokelewa kwa vigelegele. Wanawake wanne wakanizunguka. Mwalimu Ignasi, aliyenilinganisha na mzigo wa nguo, alivua kofia.

"Siku nne tumeongea mpaka makoo yamekauka," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyekuja. Aliyenyamaza ndiye aliyeleta roho. Maneno uliyatamka yote?"

"Mwalimu, mimi..."

"Asiharakishwe, ana haya. Ulitamka?"

"Mwalimu, yule mtoto..."

"Ametamka! Tumpe jina Maria."

Akaenda kwa Padri wa misheni ile. Jina likaandikwa kwa wino katika kitabu cha ubatizo.

Nisiwadanganye wasomaji wangu. Ningeweza kumfuata. Ilikuwa hatua thelathini. Sikumfuata, kwa sababu maisha yangu yote sijawahi kupigiwa kigelegele, na kile kilikuwa kitamu. Usiku huo nililala kitandani, wenzangu wakalala chini.

Kesho yake Mwanaima alituma mtu. Anamtaka Kimya. Mtoto yuko hospitali, mkono uliomrudisha ndio anaoutaka karibu naye. Mwalimu Ignasi alifurahi kupita kiasi.

"Nenda ukakae naye. Mtoto ni wetu sasa. Mtoto akishabatizwa lazima alelewe katika imani. Padri atakwenda kuongea na wazazi, taratibu, akishapata nguvu. Wewe mzoee mama."

Kwa hiyo nikahamia nyumbani kwa Mwanaima. Akanipikia wali wa nazi na samaki. Akanisuka nywele. Kadija aliporudi nyumbani alinipakatisha hata kabla hajavua buibui.

"Unajua, Kimya," aliniambia siku moja ananipaka mafuta kichwani, "mimi nilikuwa nawaogopa ninyi. Nasikia mkikaa na mtoto wa mtu mnamgeuza. Nikamwambia Yunusu, wengine labda, siyo huyu. Huyu nilimwachia roho yangu, akanirudishia kama ilivyokuwa."

Nikamgeuzia upande wa pili wa kichwa, apake.

Ningesema nini? Nikimwambia jina la mwanawe limo kitabuni, nimeivunja nyumba yake. Nikienda kwa Mwalimu nikamwambia litoeni, nimewavua nguo wenzangu mbele ya Padri. Nikawa nahesabu siku za lori. Jumamosi saa saba, basi. Nitapanda, nitakaa juu ya magunia, Lindi itabaki nyuma na siri yake.

Jumamosi ikafika. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimekwisha kufunga kanga zangu.

Saa tatu hiyohiyo Apolonia alikuwa kwa Yunusu, kwenye baraza la Mhindi, amepeleka gauni lake lililochanika kwenye lori apigiwe mshono kabla ya safari. Fundi akalishona vizuri, akakataa malipo.

"Kwa ajili ya mwenzenu Kimya," akasema.

Na Apolonia, kwa moyo mweupe kabisa, akampa mkono.

"Ahsante, na hongera sana, baba Maria."

Nilisikia baiskeli ikitupwa ukutani. Yunusu aliingia kupitia mlango wa mbele, akapita mpaka nyuma, akatia komeo mlango wa uani. Akarudi ukumbini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Dada, sitakugusa," akaniambia. "Lakini hutoki humu. Nimemwita mwalimu wenu. Nimemwita na Padri. Watakuja wakae hapa, na wewe utasema mbele yao na mbele yangu kitu gani ulimfanya binti yangu."

Mwanaima alikuwa anamnyonyesha Kadija. Akainua uso.

"Yunusu, unasema na nani hivyo? Huyu ni Kimya."

"Muulize jina la mwanao kwao ni nani."

Aliniangalia. Nikaangalia mkeka.

Walikuja. Padri alikaa kwenye kiti cha pekee, kitabu kwenye magoti. Alikuwa Mzungu mrefu, mzee, mwenye kusema polepole. Mwalimu Ignasi alisimama nyuma yake, na kwa mazoea akaanza, "Tumsifu Yesu...", akaona nyuso za watu, akaishia hapo. Apolonia alikuwa amejibanza mlangoni na gauni lake mkononi. Nje baraza lilijaa majirani, na wote walikuwa wamenyamaza ili wasikie.

Mwanaima alivaa buibui, akakaa karibu nami. Hakunisogelea, hakunikimbia.

"Baba Kadija," Padri akasema, "nami nimesikitika. Ningekuja kwako kabla hujaambiwa njiani. Sitakuficha sheria yetu. Kama mtoto amebatizwa kweli, mimi siwezi kumfuta. Hata askofu hawezi. Kama hakubatizwa, jina hili nalikata sasa hivi mbele ya macho yako, na ninakuomba radhi."

"Na usipolikata, mimi naondoka hapa kwenda kwa Liwali, na kwa Liwali nakwenda bomani kwa Bwana D.C. Mwanangu hana majina mawili."

"Una haki. Basi tumuulize aliyekuwapo."

Akanigeukia. Wote wakanigeukia.

"Skolastika, maji ulimmwagia?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Yalitiririka kichwani?"

Nikaitikia tena.

Nikamsikia Mwanaima akivuta pumzi kwa ndani, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Maneno uliyatamka?"

Kabla sijapata pumzi, sauti ikatoka mlangoni.

"Aliyatamka, Padri! Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Nilikuwa nimesimama mlango wa uani."

Alikuwa Apolonia. Aliniangalia kama mtu aliyekwisha kunivuta kutoka kisimani. Mwalimu Ignasi akafumba macho kwa shukrani.

"Mlango upi, Apolonia?"

Mwanaima hakupandisha sauti.

"Wewe ulikuwa umenishika mkono njiani. Kiatu changu kilikatika kwenye mchanga wa sokoni, ukakibeba wewe. Mpaka leo hujanirudishia. Ulimsikia kutoka sokoni?"

Huko barazani mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Apolonia alilikunja gauni lake, akalikunja tena.

Mwanaima akanigeukia.

"Kimya. Mimi mambo ya dini nawaachia wazee hawa. Mimi nakuuliza langu. Nilikupa amana. Uliniibia?"

Mtu akiniuliza kwa hasira, nakufa. Yeye aliniuliza kama mtu anayeomba maji. Ndipo sauti ikatoka. Ilikuwa ndogo, lakini chumba kizima kiliisikia.

"Nilisema, 'Kadija, usiende, mama yako anakuja.'"

"Na nini tena?" Padri akauliza.

"Basi."

"Neno la ubatizo?"

"Sikulisema, Padri."

Yunusu aliketi chini. Padri alitoa kalamu mfukoni, akafungua kitabu, akatafuta ukurasa. Nikaiona kalamu ikishuka kwenye karatasi. Nikasema moyoni, imekwisha. Lori saa saba.

"Padri," Mwalimu Ignasi akasema haraka, "asihukumiwe. Ni haya yake. Kwetu wote wanamjua, hata kibuyu hakikumsikia. Alitaka, mtoto wa watu, ulimi ukamshinda."

Kalamu ikasimama.

Padri akanigeukia.

"Skolastika, ulimwona mtoto anakufa?"

"Ndiyo."

"Maneno ulikuwa unayajua?"

"Ndiyo."

"Basi niambie hili moja. Ulishindwa, au ulikataa?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba komeo la Yunusu lilikuwa mchezo tu.

Nikisema nilishindwa, ninasamehewa. Napanda lori na wenzangu, nafika Rondo nikiwa Skolastika yuleyule wa haya, na baba yangu, mzee wa kanisa, anakaa kwenye benchi lake la mbele bila mtu kumsema. Lakini Mwanaima naye anasikia. Kwake, aliyeshindwa ni mwizi ambaye mkono wake uliteleza. Nilitaka kumchukua mwanawe, sikuweza tu.

Nikisema nilikataa, nimemrudishia Mwanaima amana yake nzima. Lakini nimesema mbele ya Padri kwamba nilimwona mtu anakufa, nikawa na mbingu mdomoni, nikamnyima. Kwetu mtu wa namna hiyo hapewi mkono.

"Sema umeshindwa, mwanangu," Mwalimu Ignasi alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Sema twende zetu. Lori linatungoja."

Mwanaima alikuwa anatazama mdomo wangu, na Kadija mapajani mwake alikuwa ameshika ncha ya kanga yangu, anaivuta.

Nikafungua mdomo.

Nilichowajibu mle ukumbini, kwamba nilishindwa, sicho ninachokiandika hapa. Hiki sijamwambia mtu, si Padri kwenye kitubio, si baba yangu, wala si yeye Mwanaima.

Haikuwa haya. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Maneno yote yalikuwa mdomoni, yamejipanga, ya Baba, ya Mwana na ya Roho, na hapakuwa na mtu wa kunicheka. Nilimwaga maji ya kwanza nikiwa na nia ya kuyasema. Ndipo nikalikumbuka neno aliloniachia mama yake mlangoni, nikafunga mdomo kwa kupenda mwenyewe.

Mara ya pili na ya tatu nilimmwagia kwa sababu alikuwa na kiu.